Seifu na Magunia Mawili ya Ndagala

Seifu alinenepa kwa sababu ya ndoa. Mbele ya kuoa alikuwa muntu wa kawaida, mwenye kutupa makaa mu tumbo la mashini ya reli, mifupa na misuli, basi. Kisha akamuoa Mwanne, mutoto wa kule Zongwe, na Mwanne alijua kupika. Mwaka wa kwanza watu wa kampu wakasema ndoa imemukubali. Mwaka wa pili wakasema imemukubali sana. Mwaka wa tatu kiti kikavunjika chini yake ku barza ya jirani, na jirani akasema si kitu, kiti kilikuwa cha zamani. Kilikuwa cha mwezi uliopita.

Hakuna muntu aliyemuchukia kwa lile tumbo. Mu kampu ya wafanyakazi pale Kalemie, ambayo Wazungu siku zile waliita Albertville, tumbo la mume njo sifa ya muke. Wanawake wakikutana na Mwanne ku bomba ya maji waliangalia kwanza bwana wake akipita, kisha njo wakamusalimia yeye. Salamu ilifuata tumbo.

Matata ilikuja wakati kampani ilitafuta mashinisti mupya, mumoja tu. Mwenye kutupa makaa anaungua na kuitika ndiyo. Mashinisti anavuta firimbi, na treni nzima toka ziwani mpaka Nyunzu inamutii. Seifu alitupa makaa miaka mingi akiingoja ile firimbi. Jina lake lilikuwa mbele. Nyuma yake lilikuja jina la Casimir, mwenzake wa pele, ile sepeto ya makaa, kijana mwembamba mwenye kucheka na kila muntu. Kulibaki munganga tu.

Munganga alikuwa Muzungu wa maneno machache. Akamuwekea Seifu kile chombo ku kifua, akasikiliza kama muntu anayesikiliza jirani wakigombana, kisha akamupandisha ku mizani. Apollinaire, infirmie mwenye kumusaidia munganga, njo aliyesukuma kile chuma cha mizani. Akakisukuma, akakisukuma tena, akasoma: makumi tisa na nane. Munganga akasema Kifaransa. Apollinaire akageuza.

"Anasema moyo wako unavuta mabehewa mengi kuliko nguvu yake. Urudi mvua ikiisha, na kilo makumi nane na tano. Ukifika nazo, utapanda mashini. Ukizidisha, atapanda Casimir."

"Nikizidisha kilo moja?"

"Papa Seifu, huyu hata sukari ya kahawa yake anaihesabu."

"Basi nitajua namna gani kama nimefika?"

"Utakuja, utapanda mizani."

"Na mbele ya kuja?"

"Mbele ya kuja utangoja. Mizani ya hospitali haiko kiti cha barza."

Mu kampu hakukuwa nyumba hata moja yenye mizani ya kupima muntu. Nani angeinunua, na ya nini. Muntu alipimwa siku ya kuandikwa kazi, na siku ya ugonjwa, na kisha hapo fundi wa mbao alimupima kwa urefu tu.

Seifu hakumwambia Mwanne. Utaanzaje? Muke amekupikia miaka mitatu, watu wamemusifu, halafu umwambie ile sifa yote inakuua moyo. Tena ukimwambia Mwanne umeiambia bomba ya maji. Akamwambia Gaspard peke yake. Gaspard alikuwa Mubembe, mwenye kuvua ndagala na kuzikausha ku mchanga, anazituma Nyunzu mu magunia.

Kwanza walijaribu ku stasioni, mahali pa kupima mizigo. Karani akamuona Seifu anainua muguu.

"Unaenda wapi?"

"Hapa tu."

"Mizani hii inapima kitu chenye kusafiri. Leta tikiti ya muzigo."

"Mimi ni muntu."

"Basi panda behewa ya watu. Kule hatupimi."

Wenye magunia nyuma yake wakacheka kidogo kidogo, kwa adabu. Mumoja akasema wamupime nusu leo, nusu kesho. Seifu akashusha muguu.

Wakaondoka. Gaspard alitembea mpaka karibu na musikiti, kisha akasimama.

"Sisi ku ziwa hatuna mizani," akasema. "Watu wawili wakivua pamoja, tunatundika kasia kwa kamba katikati. Kapo yangu huku, kapo yako kule. Kasia ikilala sawa, tumegawana. Hatupimi kitu kwa kilo, tunapima kitu kwa kitu."

"Mimi mutanipima kwa kitu gani?"

"Kwa samaki. Samaki yangu imekwisha kupimwa pale stasioni, kilo zimeandikwa na makaa juu ya gunia. Nitakutafutia mawili yenye kufanya makumi nane na tano."

Akayapata: moja la makumi ine na tatu, moja la makumi ine na mbili. Seifu akayanunua, na nyumbani akasema Mwanne atakwenda kuyauza Nyunzu, lakini si sasa. Gaspard akafunga muti munene wa muvule mu chumba cha nyuma, umening'inia kwa kamba toka ku boriti. Upande mumoja magunia mawili pamoja na kapo tupu, upande wa pili kibao cha kukalia. Seifu akakaa. Magunia yakaruka mpaka karibu ya bati, na Seifu akawa chini, miguu imenyoka mbele kama mutoto anayefundishwa kukaa.

"Sasa tia tofali mu kapo," akasema.

Gaspard akatia tofali, na la pili, na la tatu. Ku la ine Seifu akapanda juu polepole, nyayo zikaacha chini. Akabaki pale anazunguka kidogo.

"Matofali mane," Gaspard akasema. "Hiyo njo unene wako. Siku magunia yatakuinua bila tofali, wewe ni mashinisti."

Kesho yake Gaspard akaenda upande wa Moba na mutumbwi wake, kufuata samaki, na hakuonekana tena mpaka mvua ilipokwisha. Seifu akamwambia Mwanne neno moja tu juu ya ile chumba.

"Magunia yale yasiguswe mpaka niseme."

"Na ule muti?"

"Ni sababu ya panya. Samaki ikikaa juu, panya hawafiki."

Mwanne akaangalia ule muti, na kibao cha kukalia. Akauliza kama kibao pia ni cha panya. Seifu akasema ndiyo.

Basi akaanza kula kidogo. Bugali ikija na ukubwa wa kichwa cha mutoto, anakata kipande cha ngumi, anasukuma sahani.

"Chumvi?" Mwanne akauliza.

"Chumvi iko sawa."

"Pilipili?"

"Sawa."

"Basi ni mimi."

"Hapana. Nimeshiba."

"Umeshiba wapi?"

Hilo swali kila siku lilirudi mezani pamoja na bugali.

Kila siku ya samedi, jumamosi, Mwanne akienda soko, Seifu alifunga mulango wa nyuma, akatia matofali mu kapo, akakaa ku kibao. Matofali mane yakawa matatu. Kisha matatu yakamurusha kwa haraka mpaka kichwa kikagonga boriti, akajua mawili yanakaribia. Siku ile alikwenda kazini anapiga mulunzi. Suruali ilianza kuteleza, akaifunga na kamba. Mambo yalikuwa yanakwenda.

Lakini kampu ina macho. Siku moja alikuwa anaoga nyuma ya nyumba, ndani ya ile boma ya manyasi, akasikia Séraphine, muke wa jirani, anaongea na Mwanne.

"Mama Mwanne, bwana wako anafunga? Ramazani si ilipita?"

"Hafungi."

"Basi njo wewe unamufungisha."

"Ninapika kila siku, Mama Séraphine."

"Kupika tunaona moshi. Lakini moshi haunenepeshi." Kisha akasema kwa huruma, na huruma ya Séraphine ilikuwa mbaya kuliko matusi: "Mimi sisemi kitu. Watu njo wanasema. Wanasema bwana wako, mutoto wa watu, alikuja hapa munene."

Alikuja hapa mwembamba. Seifu alijua, Mwanne alijua, Séraphine mwenyewe alijua. Seifu akajimwagia maji polepole, asisikike.

Tangu juma lile sombe ya Mwanne, yale majani ya muhogo ya kulia bugali, ikabadilika. Ilikuwa nzuri tangu mwanzo, lakini sasa ilikuwa nzito, tamu, inashika mu meno, ukiilamba kidole unataka kuoa tena. Seifu akauliza mumetiwa nini.

"Mawese," Mwanne akasema.

"Mawese tu?"

"Kwani ukila kidogo hivyo, unaulizia nini?"

Akala kipande cha ngumi kama kawaida. Lakini samedi ile matofali mawili hayakumuinua. Matatu pia yalimuacha chini, akafika mane kama siku ya kwanza. Akashuka, akaangalia kamba, akaangalia boriti, akakaa tena. Mane. Samedi nyingine, matano.

Seifu hakuwa muntu wa kulia. Aliona jambo ni wazi: muntu akila ngumi moja na bado anaongezeka, ale nusu ngumi. Akala nusu ngumi. Matofali yakawa sita.

Sasa njo shida ilipoanza kuwa ya ajabu. Kila kitu kilisema Seifu anakonda, isipokuwa magunia. Shati lilimukaa kama limetundikwa ku musumari. Pete ya fedha aliyopewa na babu yake ilianguka mu makaa, akaitafuta na mukono. Ku depo Casimir akamuangalia anainua pele kwa mara mbili, mara ya kuinua na mara ya kupumua.

"Mukubwa, uko mugonjwa?"

"Niko munene."

"Wapi?"

"Ndani."

Casimir akafikiri. "Mimi ninataka hiyo nafasi yako, sikufichi. Lakini nisiipate kwa kukuokota. Ukianguka mu moto, ni mimi nitazoa majivu, na majivu yako hayatajaza hata pele moja."

"Wewe choma makaa."

"Ninachoma. Na yako pia ninachoma tangu juma mbili, hujaona?"

Ni kweli, hakuwa ameona.

Lakini angeamini nani? Suruali inapanuka, maji ya ziwa yanalegeza nguo, kila mwanamuke anajua. Macho ya watu yanafuata maneno ya watu. Gunia limepimwa ku stasioni mbele ya karani, na kilo zimeandikwa. Kilo haina rafiki. Hivyo njo Seifu alivyofikiri, na akiwa na njaa alifikiri hivyo kwa nguvu zaidi.

Habari zikafika Zongwe. Mama Mwanamisi, mama muzaa Mwanne, akapanda mashua, akashuka bandarini na kuku mumoja chini ya kwapa, akaja kuona nani anaharibu jina la mutoto wake.

Mukwe hasemi na mukwe wake uso kwa uso. Hiyo haya wanaijua wote. Hawaangaliani, hawali pamoja, na neno likiwa zito linapitia kwa muntu mwingine. Muntu mwingine hakukuwako. Mama Mwanamisi akakaa nyuma ya nyumba, akamufunga kuku wake muguu, akamwambia yule kuku.

"Wewe kuku, nimekuja kuuliza. Mwanaume anayeacha bugali ya nyumbani kwake, anakula wapi? Kwa muke mwingine. Vizuri. Sasa huyo muke mwingine, mbona mwanaume anakonda? Basi na yeye hajui kupika. Kuku, kuna mwanaume wa kuacha mupishi na kufuata njaa?"

Seifu alikuwa ndani, karibu na dirisha. Akamwambia dirisha kwamba hakuna muke mwingine.

"Kuku," Mama Mwanamisi akasema, "dirisha linaongopa."

Mvua ikaisha. Munganga akatuma neno aje lundi, jumatatu. Samedi ya mbele yake Seifu akafunga mulango wa nyuma kwa mara ya mwisho. Akatia matofali sita, akakaa. Saba. Akayapanga nane mu kapo, akakaa taratibu kwa sababu kibao kilikuwa kinamuumiza mifupa, na nyayo zake zikabaki chini, mbili, zimelala kama samaki ku soko.

Matofali nane. Alianza na mane. Alikuwa ameteseka mvua nzima ili anenepe mara mbili.

Akaamua hataenda. Atamwambia Casimir achukue mashini, na yeye atatupa makaa mpaka uzee, kisha atakula. Akainuka kushusha magunia. Akashika gunia la makumi ine na tatu kwa mukono mumoja, likatoka. Akalishika pale hewani. Kwanza alifikiri: kumbe niko na nguvu hivi. Alikuwa muntu ambaye asubuhi ile alipumzika mara mbili akifunga viatu.

Akalishusha, akaligeuza. Chini, mahali pa mushono, uzi wa gunia ulikuwa umetolewa, na mahali pake kulikuwa uzi mwekundu wa kanga, umeshonwa vizuri, mushono wa muntu mwenye kujua kushona. Akakata. Akatia mukono, akatoa maganda makavu ya mahindi. Akatoa mengine. Samaki zilikuwa juu juu tu, kama kifuniko.

Mwanne akarudi toka soko, akamukuta amekaa katikati ya maganda.

"Samaki iko wapi?" Seifu akauliza.

"Umekula."

"Mimi?"

"Kila siku, mu sombe. Nilizisaga mu kinu, usione macho yao."

"Zote?"

"Nyingine nilimupa Séraphine, asiseme." Akaweka kapo chini. "Bado alisema."

"Nilikwambia yasiguswe."

"Uliniambia. Na watu wakaniambia ninaua mume. Unakula ngumi moja, nikasema hiyo ngumi basi iwe na kitu ndani. Samaki ya nani tena? Ya mu nyumba yetu. Wewe ulikuwa unaipandisha juu ya muti kama mufalme, eti sababu ya panya. Panya gani anatengenezewa kiti?"

Basi Seifu akamwambia. Akamwambia habari ya munganga, moyo, makumi nane na tano, kasia ya Gaspard, matofali. Alisema yote bila kusimama, na Mwanne akasikiliza amesimama na kapo mbele ya miguu. Kisha sauti ikatoka nyuma ya ukuta.

"Kuku," Mama Mwanamisi akasema, "sikiliza ajabu. Mukwe wangu alikuwa anakula mizani yake."

Lundi Seifu akaenda hospitali bila kujua uzito wake, kama muntu yeyote. Mwanne akamufuata. Ilikuwa pia siku ya kupima watoto wachanga, na wanawake wa kampu walijaa ku mabenchi ya barza na watoto mu mugongo, Séraphine katikati yao. Dirisha la munganga lilikuwa wazi juu ya vichwa vyao. Kilichosemwa ndani kilisemwa nje.

Apollinaire akasukuma kile chuma upande wa chini. Akakisukuma tena. Akainama kuangalia kama mizani imekanyagwa na kitu, akainuka.

"Makumi saba na moja."

Munganga akavua miwani. Akamusikiliza kifua mbele na mugongoni, akamuangalia macho, akamushika shingo. Akasema maneno mengi kuliko kawaida yake.

"Anasema moyo umetulia," Apollinaire akageuza. "Anasema sasa umuambie ugonjwa."

"Hakuna ugonjwa."

"Anasema kilo kama hizo hazitoki mu muntu bila mulango. Ni kifua kikuu, ao ni ugonjwa wa usingizi, ao ni kitu kibaya zaidi. Anataka kukulaza. Mulazwa hapandi mashini. Hata pele hatakurudishia mpaka ajue."

Seifu akaeleza. Alieleza magunia, muti wa muvule, matofali, sombe. Apollinaire akageuza mpaka ku maganda ya mahindi, akasimama, akamalizia kwa mikono. Munganga akauliza swali fupi.

"Anauliza kama unasema hivi siku zote. Sasa ku magonjwa ameongeza na ya kichwa."

Munganga akaonyesha dirisha. Muke aitwe, wagonjwa wanaongopa, wake zao wanajua. Apollinaire akatoka mpaka barza, akamuita Mwanne kando, lakini barza ile haikuwa na kando. Akasema kwa sauti ndogo, na Seifu akasikia yote.

"Mama, sikia vizuri. Ukisema umemulisha vizuri, muntu anayekula na kuisha ni mugonjwa, atamulaza. Ukisema alikataa chakula, wenye kifua pia wanakataa chakula, atamulaza. Ikiwa ni njaa tu, njaa haiko ugonjwa. Mimi sikwambii useme nini."

Mwanne akaingia. Akasimama mbele ya meza, kitambaa kimefungwa vizuri, mikono imeshikana. Nje mabenchi yalikuwa yanasikiliza. Miezi yote ile alikuwa amesaga samaki mu kinu ili yale mabenchi yaseme neno zuri.

"Anauliza kama mu nyumba kuna chakula."

"Kiko."

"Anauliza kama bwana wako anakula."

Mwanne akaangalia dirisha, pale kichwa cha Séraphine kilikuwa kimeinuka kidogo.

"Hapana," akasema. "Simupi."

"Humupi?"

"Ninapika, ninakula mimi. Yeye simupi. Nilikuwa na hasira naye."

Seifu akafungua kinywa. Apollinaire akamukanyaga muguu, bila kumuangalia, na kiatu cha kazi.

Munganga akamuangalia Mwanne sana. Akamuangalia Seifu. Akatikisa kichwa kama muntu aliyeelewa Afrika, akachukua kalamu, akatia sahihi, akapiga muhuri. Kisha akasema neno kwa sauti kubwa, na Apollinaire ikabidi aligeuze kwa sauti ileile, dirisha wazi.

"Anasema mashinisti ni muntu wa kulishwa. Asisikie tena jambo hili."

"Nimesikia," Mwanne akasema.

Wakatoka. Mabenchi yakawaangalia. Hakuna mwenye alitukana, na hakuna mwenye alisalimia. Walitembea mpaka karibu na nyumba.

"Umeipata firimbi yako," Mwanne akasema.

"Nimeipata."

"Mimi ku bomba nitaenda na uso gani?"

Seifu alikuwa muntu wa makaa, maneno ya kupoza muntu hakufundishwa. Akasema, "Pika."

"Nipike nini? Samaki hakuna."

"Kila kitu chenye kiko."

Mama Mwanamisi akamuchinja kuku wake, na tangu hapo ikabidi aseme na ukuta. Mwanne akasonga bugali kubwa, akatwanga sombe. Chakula kilipoiva Seifu akachukua meza, akaipitisha mulangoni, akaipitisha barza, akaivusha boma, akaiweka pembeni ya njia kubwa ya kampu. Akarudi kuchukua kiti.

Mwanaume hali njiani. Anakula barza na wenzake, ao ndani. Kula njiani ni kwa wendawazimu na wapita safari. Mwanne akasimama mulangoni na sahani.

"Seifu, unafanya nini?"

"Leta."

Kengele ya depo ikalia, na wafanyakazi wakaanza kupita, weusi wa makaa, mumoja mumoja, kisha kundi. Walipunguza mwendo. Casimir akasimama.

"Mashinisti."

"Karibu."

"Nitakula kwangu." Akaiangalia ile bugali. "Hii yote ni yako?"

"Yote. Muke wangu njo amepika."

"Ninaona."

"Waambie na wenye hawakuona."

Séraphine akapita na mutoto mugongoni, toka hospitali. Alitaka kupita, lakini njia ilikuwa nyembamba kwa sababu ya meza.

"Unakula, Papa Seifu."

"Ninakula."

"Ameacha kukunyima?"

"Hakuninyima hata siku moja. Nilijinyima mimi mwenyewe, nikitafuta kilo. Alisema vile mbele ya munganga ili nipate kazi."

"Alisema kwa kinywa chake."

"Alisema uongo. Na wewe samaki zake ulikula, unajua ladha yake. Muntu wa kunyima anagawa samaki?"

Séraphine akamuangalia Mwanne mulangoni. Akamushusha mutoto, akakata kipande cha bugali, akachovya mu sombe, akatafuna polepole kama karani anayesoma barua.

"Leo hamuna samaki ndani," akasema.

"Iliisha," Mwanne akajibu.

"Hata hivyo." Akamupandisha mutoto mugongoni. Akaenda, na alipofika ku bomba akasimama na wenzake, akaongea nao, na vichwa vikageuka upande wa meza.

Seifu akainua sahani. "Mama Mwanne, ongeza," akasema kwa sauti ya muntu anayeita toka ku mashini.

Tumbo lake lilikuwa limekauka kwa miezi, lilijaa tangu ngumi ya pili. Akala sahani ya kwanza yote. Ya pili akaimaliza jasho linatoka. Ya tatu ilimuuma, ikasimama mu koo. Akainywea maji, akaimeza, akaisafisha sahani na kidole mbele ya njia, kwa sababu kundi la pili la depo lilikuwa bado kupita.